Seti ya makopo matatu ya kupima nyufa za silinda hedi: wekundu uaminiwe, weupe uhojiwe

Ndani ya seti mna makopo matatu ya kupuliza: la kusafishia, la rangi nyekundu inayopenya, na la dawa nyeupe inayoivuta rangi hiyo itoke ndani ya ufa. Viwanda vinavyoitengeneza ni vingi na majina ni mengi, lakini utendaji wake ni ule ule, kwa hiyo tathmini hii ni ya aina nzima, ile ya kawaida inayosomeka kwa macho bila taa maalumu. Kazi yake ya asili ni kukagua weldingi. Ukizunguka maduka ya spea Mwanjelwa, Mbeya, ukaambiwa hamna, ulizia kwa wauzaji wa vifaa vya kuchomelea.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa mwenye Canter, Fuso, Howo au Scania anayefungua hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, nyumbani au kwenye yadi yake, popote kati ya Iringa na Tunduma, seti hii inafaa kununuliwa. Kazi yake ni moja: kuikataa hedi mbovu mapema, kabla hujalipia kuchongesha uso wake kwa mashine, hujanunua gasketi na hujamwaga oili mpya. Kwa kazi hiyo naipa tano kati ya tano. Kwa kazi ya kuithibitisha hedi kuwa nzima naipa mbili, na hizo mbili ni kwa mtu aliyefuata hatua zote bila kuruka. Mstari mwekundu ukitokea, uamini. Usipotokea, bado hujajua kitu.

Huku juu kifaa hiki kina maana kubwa kuliko pwani, na sababu ni mwinuko. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji matupu huchemka kwenye nyuzi kama 94, siyo 100. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha baa 0.9 (baa ni kipimo cha presha) hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kama 20 hivi. Raba yake ikichoka, au tundu likizibwa kwa kitambaa na kipande cha mpira, ile akiba yote imepotea, na lori linaanza mlima likiwa limebakiza nyuzi chache tu lichemke. Sasa fikiria Fuso yenye shehena ikipandisha Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni, au ikitoka Kyela kupitia Tukuyu: injini inavuta kwa nguvu zote, mwendo ni mdogo, upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Maji yanageuka mvuke ndani ya hedi, na mvuke haubebi joto kama maji. Chuma cha upande wa moto kinapanuka, cha upande wa pili kinakizuia. Kisha utingo anafungua rejeta na kumimina dumu la maji ya mtoni. Hapo ndipo ufa huzaliwa au hurefuka.

Mahali unapoanzia hapabadiliki sana. Mara nyingi ni kile kipande chembamba cha chuma kati ya siti (mahali valvu inapokalia) ya valvu ya hewa na siti ya valvu ya eksozi, au kati ya siti na tundu la nozeli inayopuliza dizeli. Baada ya hapo ni kuzunguka matundu ya maji yaliyo kati ya silinda na silinda, na kando ya matundu ya bolti. Tazama huko kwanza hata kabla ya kufungua kopo.

Tazama pia gasketi ya zamani kabla hujaitupa, kwa sababu inasema mengi bila gharama. Palipoungua patakuonyesha ni silinda ipi. Na silinda iliyokuwa ikiingiza maji huwa safi kuliko wenzake; mvuke umeiosha masizi mpaka pistoni inang'aa. Ukiona tano nyeusi na moja nyeupe, umeshajua rangi nyekundu uiweke wapi kwa makini zaidi.

Kuhusu aina ya hedi: nyingi za malori ya barabara hii ni chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti. Kipimo cha sumaku na unga wa chuma, ambacho karakana kubwa huwa nacho, kinafaa kwa kasti peke yake, hakishiki alumini. Makopo haya hayabagui, na hiyo ni sifa ya kweli kwa fundi anayepokea lori leo na Hiace kesho. Sifa nyingine inategemea injini. Canter zenye 4D32 hadi 4D34 zina hedi moja ya silinda zote nne, ndefu na nzito. Cummins NT855 ina hedi tatu, kila moja ya silinda mbili. Scania nyingi, na Howo zenye WD615, zina hedi ya peke yake kwa kila silinda, hivyo mtu anaweza kupima moja moja mezani bila cheni bloku ya kunyanyulia. Ila ziandike namba kwa rangi kabla ya kuzitoa. Hedi ya silinda ya tatu irudi ya tatu.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo wengi wanaiharibia seti sifa.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, bolti zikilegezwa kuanzia nje kuelekea katikati, kwa mizunguko miwili au mitatu, kinyume cha mpangilio wa kukaza. Kulegeza ovyo injini ikiwa ya moto kunaweza kuipinda hedi iliyokuwa nzima, halafu lawama ikaangukia safari. Ikishatoka, ilaze juu ya vipande vya mbao. Usiilaze kifudifudi sakafuni, kwa sababu kwenye injini nyingi ncha za nozeli huchomoza nje ya uso wa hedi na uzito wote utazikalia. Toa nozeli, toa valvu zote na uzipange kwa mpangilio wake kwenye boksi lililotobolewa. Kupima hedi yenye valvu ndani ni kupoteza rangi, kwani ufa wa siti mara nyingi huanzia kwenye ukingo ambao valvu imeukalia.

Usafishaji ndio nusu ya kipimo. Grisi na oili zitoke kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi. Mabaki ya gasketi yatoke kwa kikwaruzo cha shaba au plastiki ngumu. Masizi kwenye hedi ya kasti yanaweza kutolewa kwa brashi ya waya ya mkono. Usitumie grainda, wala ya brashi ya waya wala ya msasa. Brashi inayozunguka kwa kasi hupaka chuma juu ya mdomo wa ufa, na ufa uliozibwa mdomo hauingizi rangi. Msasa nao huchimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na chembe zake zikiingia kwenye njia za oili zitakula beringi za injini uliyoitengeneza. Alumini ni laini zaidi, hiyo usiiguse na waya kabisa. Na ukiipeleka kuchemshwa kwenye pipa la soda kali, sema kwanza ni chuma gani. Soda kali huila alumini.

Mafuta ya taa huacha utando. Kwa hiyo osha mara ya mwisho kwa thina, nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, ndipo umalizie na kopo la kusafishia. Kopo hilo ni la kumalizia, si la kuoshea grisi. Anayelioshea grisi atalimaliza kabla hajafika nusu ya hedi. Hata kwa matumizi mazuri ndilo linaloisha kwanza katika matatu. Ukinunua seti, ongeza kopo moja la kusafishia.

Kisha kukausha, hatua ambayo wengi huiona ndogo. Ufa uliojaa maji au mafuta hauna nafasi ya rangi. Hedi iliyooshwa kwa maji ya presha asubuhi ikapimwa saa hiyo hiyo itatoka nyeupe pe, na itakuwa imekudanganya. Ianike juani, saa mbili au zaidi, au ipashwe moto taratibu mpaka iwe vuguvugu kotekote, kisha iachwe irudi kwenye joto ambalo kiganja kinakaa bila shida.

Joto lenyewe ni jambo la kwetu hasa. Makopo mengi huandikwa yatumike kati ya nyuzi 10 na 50. Asubuhi ya Juni au Julai, Makete, Njombe na hata Mbeya mjini, chuma kilicholala nje usiku kinaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na rangi kwenye baridi hiyo inakuwa nzito na kuingia polepole. Subiri mpaka saa nne au saa tano, hedi ikiwa juu ya bati juani. Kopo likipoa presha yake hushuka na litatema matone badala ya ukungu. Litie kwenye ndoo ya maji vuguvugu kwa dakika chache. Usiliweke karibu na moto, gesi iliyomo inawaka.

Rangi nyekundu haina haja ya kupulizwa kwenye hedi moja kwa moja. Puliza kidogo ndani ya kifuniko cha kopo, chovya brashi ndogo, paka kwenye vyumba vya moto, kwenye siti, kuzunguka matundu ya nozeli, ya maji na ya bolti. Kopo litadumu mara nyingi zaidi na mikono haitageuka nyekundu wiki nzima. Vaa glavu hata hivyo. Iache dakika 15 hadi 20. Siku ya baridi, 30. Isikauke. Ikianza kukauka paka tena juu yake.

Hapa linakuja kosa linaloharibu vipimo vingi kuliko mengine yote. Mtu anachukua kopo la kusafishia na kulipulizia hedi ili rangi itoke haraka. Inatoka, ndiyo, pamoja na ile iliyokuwa imeingia kwenye ufa. Kinachobaki ni hedi safi na kipimo kilichokufa. Namna sahihi ni kufuta kwanza kwa kitambaa kikavu cheupe kisichotoa nyuzi, kisha kwa kitambaa kingine kilicholoweshwa kidogo kwa dawa ya kusafishia. Futa kuelekea upande mmoja, ukigeuza kitambaa kila mara, mpaka kinatoka na rangi ya waridi hafifu tu. Kopo lipulizie kitambaa, kamwe lisipulizie hedi.

Kopo jeupe litikiswe kweli kweli mpaka goroli iliyomo igonge bila kukwama. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Ukipata ukungu laini, puliza hedi kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, tabaka jembamba kiasi kwamba bado unahisi rangi ya chuma chini yake. Tabaka nene kama chokaa ya ukuta humeza nyufa ndogo. Halafu usiondoke. Angalia tangu dakika ya kwanza, kwa sababu umbo la ufa husomeka vizuri unapoanza kuvuja. Ukirudi baada ya nusu saa utakuta doa pana lisiloonyesha lilikoanzia. Piga picha kwa simu dakika ya kwanza, ya tano na ya kumi. Picha hizo ndizo utakazomwonyesha fundi wa mashine ukifika kwake.

Kusoma kunahitaji utulivu. Ufa huonekana kama uzi mwembamba, mara nyingi wenye kupindapinda, unaotoka kwenye siti kuelekea siti nyingine au kwenye tundu la nozeli, na unaendelea kunenepa kadiri dakika zinavyopita. Duara kamili linaloizunguka siti si ufa. Siti nyingi ni pete iliyogongewa ndani ya hedi, na rangi imekaa kwenye maungio. Mchubuko wa kikwaruzo ni mstari ulionyooka usio na kina, na kwenye kipimo cha pili huwa hafifu au hautokei. Vidoa vilivyotawanyika ni vitundu vya kusubu. Sehemu ambazo hazikuchongwa kiwandani, zile za magamba magamba, zitabaki na wekundu wa jumla na hazisomeki kwa njia hii, basi usizihukumu. Panapokutia shaka, safisha na upime upya hapo tu. Ufa wa kweli hurudi palepale na umbo lile lile.

Mpaka hapa ni sifa. Sasa mipaka yake, ambayo muuzaji hatakuambia.

Rangi inaingia kwenye ufa uliofunguka upande unaoupaka. Hedi ina vyumba vya maji ndani yake, na ufa unaweza kuwa kwenye ukuta wa ndani, kwenye koo la eksozi mahali brashi haifiki, au chini ya slivu (bomba dogo) ya shaba inayoizunguka nozeli kwenye injini zenye slivu hizo. Zipo pia nyufa zinazofunguka hedi ikipata moto tu. Zikipoa zimefumba, na rangi haipati mlango. Kwa hizo zote seti hii ni kipofu. Ndiyo maana lori linalopunguza maji bila kuvuja nje, hozi ya rejeta ikibaki ngumu asubuhi, oili ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, halafu hedi ikatoka nyeupe kwenye makopo, lisifungwe. Dalili ni ushahidi mzito kuliko weupe.

Kinachojaza pengo hilo ni kipimo cha presha, na hicho ni huduma ya karakana za mashine. Matundu yote ya maji huzibwa kwa bamba na raba, hewa ya baa 2 hadi 3 huingizwa, na hedi huzamishwa kwenye maji ya moto, kama nyuzi 80, kwa muda wa kutosha chuma chote kipate joto. Mapovu yakitoka mfululizo mahali pamoja, hapo pamepasuka. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: maji yatakuwa ya moto au ya baridi, presha ni kiasi gani, na je, unaruhusiwa kusimama hapo ukaona. Karakana inayopima kwa maji ya baridi imekupa nusu ya kipimo. Inayokataa usione, beba hedi yako uende kwingine, hata kama ni kutoka Mafinga hadi Iringa.

Nyumbani kipimo hiki kinawezekana kwa hedi ndogo za silinda moja moja. Bamba la milimita 10 hadi 12, mpira wa tyubu ya lori kama gasketi, bolti za hedi zenyewe, na valvu ya tyubu iliyofungwa kwenye tundu mojawapo. Hewa itoke kwenye kompresa yenye kirekebisha presha, na geji uione kwa macho yako. Kompresa ya kujazia matairi hutoa presha kubwa mno, na bamba lililofyatuka huvunja mfupa. Usizidi baa 3, usisimame mbele ya bamba, na anza kwa baa 1 ukipaka povu la sabuni kwenye maungio.

Wapo wanaosema chaki na mafuta ya taa vinatosha, kwamba makopo ni anasa. Njia hiyo ni ya kweli na ya zamani: hedi inaloweshwa mafuta ya taa kwa nusu saa au zaidi, inafutwa ikauke, inapakwa unga wa chaki, na ufa unajionyesha kama mstari wenye unyevu. Ufa mkubwa itauonyesha. Uzi mwembamba kati ya valvu, ule ambao ndio kwanza unaanza, mara nyingi utaupita, kwa sababu unyevu kwenye chaki hauna rangi ya kuonekana kama wekundu juu ya weupe. Kama huna seti na uko Chunya porini, pima kwa chaki. Kama seti ipo mjini, tofauti ya bei ni ndogo mbele ya kazi ya kufungua injini mara mbili.

Seti haikuambii pia kama hedi imepinda, na hedi iliyochemsha inaweza kupinda bila kupasuka. Hapo unahitaji rula ya chuma iliyonyooka ya kiufundi na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya. Pima maji ya mwashi haifai, wala kipande cha alumini cha dirisha. Ondoa kwanza vinundu kwenye midomo ya matundu kwa jiwe la kunolea, kisha weka rula mistari sita: miwili ya urefu kandokando, miwili ya upana kwenye ncha, na miwili ya kukatisha kona kwa kona. Seti nyingi za fila zenye majani 32 huanzia milimita 0.04. Jani la 0.05 likikataa kupita kila mahali, uso umenyooka. Linapopita, panda jani kwa jani mpaka ujue ni kiasi gani. Kikomo kimeandikwa kwenye kitabu cha injini yako, na hicho ndicho cha kufuata. Huna fila? Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, ikiteleza chini ya rula bila kuguswa, usijiulize mara mbili, ipeleke ikachongwe. Anayechonga aondoe kidogo kadiri inavyowezekana na apime kimo cha hedi kabla na baada, kwa kuwa kila kinachotolewa kinazisogeza valvu karibu na pistoni na kuitokeza nozeli zaidi. Kuchonga hedi yenye ufa ni kulipia uso mzuri wa kitu kibovu, na hili ndilo hasa makopo yanalokuepusha.

Valvu zipimwe kwa mafuta ya taa: zirudishe na springi zake, geuza hedi vyumba vya moto vikiwa juu, jaza, subiri dakika kadhaa, chungulia kwenye koo. Penye kulowana, siti isagwe.

Usisahau bloki, kwa sababu hedi hubebeshwa makosa yasiyo yake. Kwenye injini zenye laina (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazoogelea majini, kola ya laina lazima ichomoze juu ya uso wa bloki kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Laina moja iliyozama itaunguza gasketi ya silinda hiyo hiyo kila mara, hata ukiweka hedi mpya. Kama gasketi imekata mahali pamoja mara ya pili na makopo hayaonyeshi kitu, pima laina kabla ya kuendelea kuilaumu hedi. Na matundu ya bolti yapulizwe yakauke. Oili au maji yaliyobaki chini ya tundu lisilotoboka upande wa pili hayabanwi. Ukikaza bolti yanaweza kuipasua bloki, na hilo halina makopo ya kuliponya.

Mstari mwekundu umepatikana. Kifuatacho kinategemea unakoelekea. Ukifika kwenye tundu la maji au ukivuka ukingo wa moto wa gasketi, hedi hiyo haifai kurudishwa hivyo. Mfupi sana kati ya siti mbili, usiofika majini, baadhi ya watengenezaji huuruhusu kwa kipimo walichokitaja. Bila maandishi hayo mkononi, usijiruhusu mwenyewe. Kuchomelea kasti kunawezekana, lakini hedi nzima inatakiwa ipashwe moto kabla na kupozwa taratibu mno baada ya hapo, na kisha ichongwe na kupimwa presha upya. Anayekuambia ataichomelea ikiwa baridi na utaichukua jioni anakutengenezea ufa mwingine pembeni ya ule wa kwanza.

Wengi basi wataishia kununua hedi ya mtumba, na hapo ndipo seti hii inarudisha pesa yake hata usipoitumia tena mwaka mzima. Nenda nayo dukani. Hedi ya mtumba mara nyingi imeshapakwa rangi ya fedha ipendeze, na rangi hiyo hufunika mdomo wa ufa vizuri kabisa. Omba itolewe rangi kwenye uso na kwenye vyumba vya moto, valvu zitolewe angalau kwenye silinda mbili za katikati, kisha pima mbele ya muuzaji. Nusu saa na ushee inatosha, ukiwa na hedi kavu. Muuzaji mwenye mali nzima hatakuwa na sababu ya kukuzuia. Patana naye pia kwamba kipimo cha presha kikiikataa hedi, anaipokea, kwa maandishi, kwa sababu makopo yako yameona nje tu.

Jambo la mwisho ni wakati wa kununua seti yenyewe. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi chini ya kila kopo, na hakikisha makopo matatu ni ya kiwanda kimoja. Halafu tikisa lile jeupe karibu na sikio. Kama goroli haigongi, unga umeganda chini. Rudisha uchukue jingine.